Sahani za kijani za Kichina: geuza kitako kabla ya kutoa pesa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nizungumze na wasomaji wenzangu, hasa wa Dodoma na Singida, juu ya sahani na bakuli za kijani za Kichina zinazotembezwa kwa jina la "mali ya kale ya Kilwa". Huletwa ofisini zikiwa zimefungwa kwenye kanga, hupigwa picha na kusambazwa kwenye simu, na wanaozileta hawatofautiani sana na wale matapeli wa rupia za Mjerumani, yaani sarafu za wakati wa ukoloni. Maneno nayo ni yale yale: kuna mzee kaifukua pwani, ina miaka mia saba, tajiri wa nje yuko njiani, na ukiitilia chakula chenye sumu inapasuka yenyewe.

Kabla hatujafika kwenye umri wa sahani, tazama maneno hayo yanamfikisha wapi mnunuzi. Muuzaji akiwa mwongo, umetoa bei ya ng'ombe kununua sahani ya dukani. Akiwa mkweli, umenunua kitu kilichong'olewa kwenye kaburi au gofu. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kuchimbua vitu vya kale bila leseni, inamtaka aliyeviona atoe taarifa, na hairuhusu vitoke nchini bila kibali. Hapo katikati hamna pa kusimama. Anayetaka kukusanya vyombo hivi kwa haki ana njia zake, nitazitaja, ila kwanza ajue anachokishika mkononi.

Wataalamu huviita seladoni, na Wachina huviita qingci. Ni udongo mgumu wa kijivu uliopakwa glezi, yaani utando wa kioo, wenye chuma kidogo, kama asilimia 1 hadi 3. Chuma hicho ndicho kile kile kinachoupa udongo wetu wa Dodoma wekundu wake. Tofauti iko kwenye moto. Chungu cha Kigogo huchomwa uwanjani, hewa inapita tele, chuma kinabaki chekundu. Seladoni huchomwa ndani ya tanuri lililozibwa, kwenye joto la nyuzi 1,200 na zaidi, na moto ukikosa hewa unanyang'anya oksijeni iliyomo kwenye chuma cha glezi. Chuma kilichonyang'anywa hugeuka kijani, au kijani cha kuelekea buluu. Hewa ikipenya kabla ya wakati, sahani inatoka na rangi ya mzeituni au njano chafu. Kwa hiyo rangi peke yake haitaji umri. Inasimulia siku moja ya tanuri tu, na tanuri la leo linaweza kusimulia hivyo hivyo.

Habari ya sumu ni imani ya zamani iliyosafiri na wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi. Glezi ni kioo. Haina cha kufanya na sumu ya mtu.

Vyombo vingi vya kijani vilivyofika kwetu zamani vilitoka Longquan, kusini mwa jimbo la Zhejiang, ambako matanuri marefu yalijengwa yakipanda mlima kama joka. Kazi hiyo ilishamiri chini ya utawala wa Song, uliodumu kuanzia mwaka 960 hadi 1279, ikaendelea chini ya Yuan hadi 1368, kisha Ming. Vigae vyake, yaani vipande vya vyombo vilivyovunjika, vimejaa Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, vingi vikiwa vya karne ya 14 na ya 15. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, zama zile zile ambazo vyombo hivyo vilikuwa vikishushwa bandarini. Makaburi ya nguzo ya Kaole na Kunduchi yalipambwa kwa bakuli za Kichina zilizopachikwa kwenye chokaa, na leo pengi pamebaki shimo la duara tu, bakuli hakuna. Ukiletewa bakuli yenye chokaa iliyoganda mgongoni, jiulize imetoka kwenye ukuta gani.

Bara ni jambo jingine. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo ikapita Mpwapwa na Ugogo kwenda Tabora ilibeba vitambaa, shanga na nyaya za shaba. Wakati huo biashara ya Longquan na pwani yetu ilikuwa imekwisha siku nyingi. Sisemi kwamba kigae hakiwezi kuokotwa Kilimatinde. Nasema kombe, yaani sahani kubwa ya duara, zima la Song "lililofukuliwa Mpwapwa" linadai ushahidi zaidi ya hadithi ya mzee.

Sasa tugeuze kitako. Tandika taulo mezani, vua pete na saa, shika chombo kwa mikono miwili ukikikumbatia chini, usikiinue kwa ukingo, kisha kilaze kifudifudi. Fanya hivyo karibu na dirisha asubuhi, kwa mwanga wa jua usiopiga moja kwa moja, kwa sababu taa za ofisini huibadili kijani hii kabisa. Tafuta lenzi ya kukuza mara 10, kama ile ya wanunuzi wa madini. Mjini hapa haikosekani.

Bakuli za Longquan za wakati wa Song huwa na pete ya kitako ndogo, iliyokatwa wima, na sehemu inayogusa meza haina glezi. Nyingi zimechongwa petali za yungiyungi nje, kila petali ikiwa na tuta katikati. Visahani vingine vina samaki wawili waliobandikwa ndani, wakifuatana. Zama za Yuan na mwanzo wa Ming vyombo vinakua: makombe mazito ya upana wa sentimita 30, 40 na kupita, ya kulia watu wengi kwenye sinia moja, jambo walilolipenda wanunuzi wa Uarabuni na Uajemi. Kombe la namna hii lina alama ambayo bandia nyingi huikosea. Chini yake limepakwa glezi, lakini ndani ya pete ya kitako umeachwa mviringo mpana usio na glezi, kwa sababu ndipo lilipokalia kigoda cha udongo tanurini. Mviringo huo umeiva rangi ya chungwa au ya tofali.

Wekundu huo unatoka wapi, wakati udongo ni wa kijivu? Moto ukizimwa na tanuri likianza kupoa, hewa inaingia. Palipo na glezi hapapati kitu, maana kioo kimeshaziba. Palipo wazi, chuma kilichomo kwenye udongo kinashika kutu upya. Kwa hiyo wekundu wa kweli uko juu juu tu. Ukikuta pameguka kidogo, ndani ni kijivu au nyeupe chafu. Aghalabu wekundu huo umekolea kwenye mpaka wa glezi, kisha unafifia kadiri unavyosogea mbali, na haulingani pande zote.

Anayeghushi huupaka. Huchukua uji wa udongo wenye chuma, akapitisha brashi kwenye kitako, akachoma. Ukiweka lenzi utaona rangi imekaa sawasawa kama rangi ya ukuta, imejaa ndani ya mifereji iliyoachwa na kisu cha mfinyanzi, na mahali fulani imepanda juu ya glezi. Ya kweli haipandi juu ya glezi hata kidogo. Kama kuna jambo moja la kukumbuka katika barua hii, likumbuke hilo.

Baada ya kitako, tazama uchakavu. Sahani iliyoliwa miaka mingi ina mikwaruzo mingi katikati, ya urefu na kina tofauti, inayokatana kila upande, na inapungua kuelekea ukingoni. Kwenye michoro iliyoinuka, kama migongo ya wale samaki, mng'ao umefifia juu na umebaki mabondeni. Msasa huacha mikwaruzo inayokwenda upande mmoja, yenye unene mmoja, na hufika hata pale ambapo kijiko hakifiki. Tindikali nayo hufubaza glezi kote kwa kiasi kimoja, mpaka ndani ya vishimo vya viputo; chombo kinafanana na kioo cha bafuni. Chombo kilichokaa baharini pia hufubaa, lakini kwa madoa, upande uliolalia mchanga ukiwa bora kuliko uliokuwa wazi kwa mawimbi.

Uchafu wa kitakoni unapimika kwa urahisi. Chovya pamba ya masikio kwenye maji ya uvuguvugu, sugua sehemu ndogo. Udongo halisi unalegea polepole. Usipotoka, jaribu pamba nyingine yenye asetoni, ile ya kufutia rangi ya kucha: ukitoka kwa mkupuo ukinata kama ulimbo, umegandishwa kwa gundi. Usijaribu asetoni mahali penye dhahabu, rangi au kiraka.

Nyufa ndogo ndogo za kwenye glezi zinawapumbaza wengi. Si uzee. Zinatokea pale glezi inapojikunyata kuliko udongo wakati wa kupoa, na fundi akitaka anazitengeneza makusudi leo jioni. Kuzitia rangi ya kahawia kwa chai au wino ni kazi ya usiku mmoja. Zilizopata rangi kwa matumizi zina maeneo yaliyokolea, hasa palipokuwa pakikaa mafuta au karibu na mpasuko, na kwingine zimebaki nyeupe. Zilizotiwa chai zimekolea sawa mgongoni na usoni.

Viputo vya ndani ya glezi navyo huzungumziwa sana kwenye simu. Ni kweli glezi nene ya Longquan ina viputo vya ukubwa mchanganyiko pamoja na chembe za kwatzi zisizoyeyuka, na hivyo ndivyo vinavyotawanya mwanga hadi chombo kikaonekana laini kama jiwe la jedi. Lakini kukiri kwamba sahani ni ya kale kwa viputo tu ni kama kumtambua mtu kwa kikohozi. Viputo vinaongeza ushahidi uliokwisha kupatikana kitakoni, basi.

Maandishi yanataka tahadhari zaidi. Bidhaa za Longquan za kawaida hazikuwa na muhuri wa mfalme. Ukiona kombe "la Song" lenye herufi sita za buluu chini yake, lirudishe. Desturi ya kuandika jina la utawala kitakoni ilishika mizizi wakati wa Ming, karne ya 15, tena kwenye matanuri ya Jingdezhen, mji mwingine wa Kichina. Huko Jingdezhen, karne ya 18, walitengeneza seladoni nyingine nzuri sana yenye glezi nyembamba iliyolingana, juu ya kauri nyeupe kabisa. Hiyo ndiyo yenye mihuri, na hiyo ndiyo inayoghushiwa kuliko zote. Neno "China" kwa herufi za Kilatini ni la baada ya mwaka 1891, Marekani ilipoanza kudai jina la nchi liandikwe kwenye bidhaa zinazoingia kwake.

Kuna vya kijani ambavyo ni vya kale kweli lakini si vya China. Seladoni ya Si Satchanalai, Thailand, ya karne ya 15 na 16, ina udongo wa kijivu wenye vitone vyeusi, na chini yake kuna duara jembamba la giza lililoachwa na bomba la udongo lililoishikilia tanurini. Mitungi ya Ghuba ya Uajemi yenye glezi ya kijani-buluu inapatikana sana kwenye magofu ya pwani, nayo inauzwa kama seladoni na watu wasiojua. Hiyo ni rahisi kuibagua: udongo wake ni laini, wa rangi ya maziwa au njano, ukiukwaruza kwa ukucha palipovunjika unatoa unga. Seladoni haitoi unga; ukucha ndio unaoisha.

Viraka vilivyofichwa hutafutwa usiku. Zima taa zote, washa tochi ya zambarau ya kukagulia noti, izungushe polepole ukingoni kisha katikati. Gundi na rangi za kisasa huwaka au kuzima tofauti na glezi iliyozizunguka, na mstari unajichora wenyewe. Halafu kalisha chombo kwenye vidole vitatu ukipige kwa ukucha. Kizima kinalia na mlio unadumu. Chenye ufa kinasema "tak" na kunyamaza, ingawa kombe zito sana halilii vizuri hata likiwa zima, kwa hiyo usihukumu kwa mlio peke yake.

Kipo pia kipimo cha maabara kinachotumia mwanga unaotolewa na udongo ukipashwa joto, kikikadiria ulichomwa lini. Kinahitaji unga uliotobolewa kitakoni. Waghushi wanakijua, kwa hiyo huchukua kitako cha kale kilichovunjika, wakakiunga na mwili mpya. Ukiletewa cheti, uliza unga ulichukuliwa sehemu ngapi na wapi. Sehemu moja ya kitako haitoshi.

Nirudi kwenye njia za haki. Ya kwanza, na ndiyo ninayompendekezea anayeanza, ni seladoni ya sasa kutoka Longquan yenyewe. UNESCO iliuingiza ufundi huo wa jadi wa uchomaji kwenye orodha ya urithi usioshikika mwaka 2009, na wafinyanzi wake hutia majina yao kwenye kazi. Ni kitu halali, kizuri, na hakina hadithi ya mzee. Ya pili ni kununua cha kale chenye hati: risiti za zamani, picha za mnada, jina la mmiliki aliyetangulia, kibali cha kutoka nchi kilikotoka. Hapo pia angalia tarehe, maana tangu mwaka 2007 China hairuhusu kwa kawaida vitu vya kale vya kabla ya 1911 kutoka nchini mwake. Mtu anayesema alikinunua juzi huko na kukitia kwenye begi ana matatizo mawili, na atakuuzia yote mawili. Ya tatu ni kile ulichorithi, nacho kikiwa na maelezo yaliyoandikwa kabla wenye kujua hawajafariki.

Anayetaka kuzoesha macho asianze kwa kununua. Apande treni ya SGR akatazame vyombo vya Kilwa vilivyomo Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, Dar es Salaam. Saa mbili mbele ya vigae halali zinafundisha kuliko picha elfu.

Ukishakuwa na chombo, kitunze kwa hali ya hewa ya huku, si ya kwenye vitabu vya Ulaya. Shida ya kwanza Dodoma ni ukavu. Chombo kilichokaa baharini au kwenye mchanga wa pwani kina chumvi ndani ya nyufa na kwenye udongo ulio wazi. Dar es Salaam unyevu unaifanya itulie. Kikipanda huku, maji yanakauka, chumvi inageuka fuwele, fuwele inavimba na kusukuma glezi mpaka inabanduka magamba. Ukiona unga mweupe kitakoni, usifute tu ukaridhika. Kizamishe kwenye ndoo ya plastiki yenye kitambaa chini, maji yawe angalau mara 5 ya ujazo wa chombo. Badilisha kila siku kwa wiki ya kwanza, kisha kila wiki. Pima kwa kile kipima chumvi wanachotumia wachimba visima: soma maji kabla ya kuzamisha, soma tena kabla ya kumwaga, na usimamishe zoezi pale tofauti inapotoweka. Huchukua majuma mengi, pengine miezi.

Visima vingi vya huku vina chumvi, kwa hiyo maji ya mizunguko ya mwisho yawe ya mvua au yaliyotoneshwa, yale yanayouzwa vituo vya mafuta kwa kuongezea kwenye betri. Soma chupa mara mbili. Rafu hiyo hiyo inauza na tindikali ya betri, na muuzaji huviita vyote "maji ya betri". Chombo chenye gundi ya zamani au misumari ya shaba kisizamishwe kabisa.

Kuosha kwa kawaida: beseni la plastiki, taulo chini, maji ya uvuguvugu, tone la sabuni ya vyombo, mswaki laini. Majivu, mchanga na sufuria ya chuma ni mwiko. Dawa ya kung'arishia nguo nyeupe ni mbaya zaidi, kwani inaacha chumvi zake ndani ya nyufa na wiki chache baadaye unarudi kwenye ule unga mweupe. Acha kikauke siku nzima kivulini. Chenye nyufa, siku tatu.

Kikivunjika, kusanya hata vipande vya ukubwa wa punje ya uwele, funga kila kimoja peke yake, usivisuguanishe "kuona kama vinaingiana". Gundi ya haraka ya dukani hukamata kabla hujapanga vizuri. Kipande cha kwanza kikikaa kombo kwa unene wa unywele, cha mwisho hakiingii. Wahifadhi hutumia chembe za akriliki ziitwazo Paraloid B-72 zilizoyeyushwa kwenye asetoni, kwa sababu unaweza kuzitoa tena kwa asetoni hiyo hiyo. Panga kwanza bila gundi, kwa vipande vidogo vya utepe, ukianzia kitakoni, andika namba kwa penseli kwenye utepe wenyewe. Ndipo utie gundi kidogo, ukiegemeza kiungo kwenye beseni la mchanga ili uzito ukae wima juu yake. Hapa kuna jambo ambalo wa nchi za baridi hawalifikirii sana: B-72 huanza kulegea kwenye nyuzi 40. Chini ya bati bila dari, mwezi Oktoba au Novemba, kabati la juu linaweza kufika huko, na sahani iliyounganishwa vizuri ikajifungua taratibu. Kwa nyumba kama hiyo tumia ndugu yake, Paraloid B-44, ambayo haitetereki hadi karibu nyuzi 60, au changanya hizo mbili.

Vumbi la upepo wa Julai na Agosti linakwaruza, kwa hiyo lipulize au lipanguse kwa brashi laini kabla ya kufuta kwa kitambaa. Tuko kwenye mkondo wa Bonde la Ufa, na ardhi hutikisika mara kwa mara. Weka chombo sentimita 10 ndani kutoka ukingo wa rafu, kigandishe kwa punje za nta laini chini ya kitako, na kwenye mtungi mrefu tia kifuko cha mchanga mkavu ndani ili uzito ushuke. Vile vishikizo vya waya vyenye springi vya kutundikia sahani ukutani vinang'ata ukingo, na glezi huvunjika hapo kwanza.

Ukipanga sahani juu ya sahani, tenganisha kwa kitambaa cha merikani kilichofuliwa kutoa wanga. Usifungie gazeti. Gazeti lako, Mhariri, ni zuri kwa kusoma, lakini wino wake unaingia kwenye nyufa na kwenye kitako kisicho na glezi, na hautoki. Kwa safari ya basi tumia maboksi mawili, la ndani na la nje, na sentimita 5 za kitu laini pande zote kati yake.

Andika daftari. Kila chombo kiwe na namba, picha tatu (juu, ubavuni, chini) zenye rula pembeni, upana wa mdomo, kimo, upana wa pete ya kitako, uzito kwa gramu, tarehe, aliyekuuzia, na maneno yake kama alivyoyasema, hata ukiwa huyaamini. Chombo kisicho na daftari hakiuziki kwa mtu makini, na watoto wako watakigawa na masufuria.

Anayeokota kigae cha kijani akichimba msingi au shamba, pwani au huku bara, asikioshe. Akiache kilipo kama kazi inaweza kusubiri, akipige picha na kitu cha kulinganisha ukubwa, ahifadhi alama ya mahali kwenye simu, kisha apeleke taarifa kwa Mkuu wa Wilaya au Idara ya Mambo ya Kale, Wizara ya Maliasili na Utalii, ambayo makao yake yako hapa hapa Mtumba. Wa Kondoa wana kituo cha mambo ya kale Kolo, kwenye michoro ya miambani. Kazi ikiwa haisubiri, akitoe na udongo ulioshikana nacho, akitie kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki unaotoa jasho, na aandike kilikuwa kina cha sentimita ngapi na kilikuwa na nini pembeni yake: mkaa, mifupa, chokaa au shanga.

Wako,
Mkusanyaji wa vyombo vya kauri,
Dodoma